Sura ya Saba: Msaidizi wa Nani?

Mlimba iko kwenye pembe ya juu ya Bonde la Kilombero, zaidi ya kilomita 100 kutoka Ifakara mjini. Masika yakikolea na barabara ikageuka tope, msafiri mwenye uhakika wa kufika ni yule aliyekata tiketi ya TAZARA. Ndiyo maana kituo cha afya cha Mlimba kiliwekewa chumba cha upasuaji, ili mama mwenye uchungu pingamizi asisubiri treni. Aliyetegemewa kushika kisu humo hakuwa daktari wa shahada. Alikuwa mtumishi aliyeanza kazi akiwa tabibu, akatumika zahanati na vituo vya afya kwa miaka kadhaa, akarudi chuoni kwa miaka miwili, kisha akatoka na cheo ambacho Serikali ilikiita daktari msaidizi. Watumishi wenzake walimwita kwa herufi tatu ambazo hospitali zote za wilaya nchini zinazijua: AMO.

Cheo hicho kina kasoro ambayo haihitaji usomi kuiona. Utingo humsaidia dereva wa lori, na dereva yupo, kashika usukani. Mlimba, saa nane za usiku, mama yuko mezani na mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, daktari wa kusaidiwa alikuwa wapi? Alikuwa Ifakara, au Morogoro, au nafasi yake haikuwahi kujazwa. Msaidizi alifanya uamuzi peke yake, akapasua peke yake, na kama kuna la kujibu kesho yake, alijibu yeye.

Swali la sura hii ni kama watumishi wa namna hii, wanaofanya kazi ya udaktari bila kuwa madaktari, wabadilishiwe jina. Linaulizwa sasa hivi Marekani na Uingereza kwa hasira nyingi. Bonde la Kilombero limekuwa likilijibu kwa vitendo kwa zaidi ya miaka 60, tena mara kadhaa, na majibu yake yanafundisha kuliko malumbano ya ughaibuni. Mimi nina upande katika jambo hili, na nitausema mapema: neno "msaidizi" liondoke, neno "daktari" lisichukue nafasi yake, na hayo yote mawili ni kazi bure kama jina jipya halitakuja na mamlaka yaliyoandikwa na ngazi ya kupanda.

Kutoka dresa hadi tabibu

Tiba ya kizungu bondeni ilianza na misheni. Mapadri Wakapuchini kutoka Uswisi walifika mwaka 1921, wakafuatiwa na masista wa Baldegg, na kazi yao ndiyo iliyozaa hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara. Serikali ya kikoloni nayo iliendesha zahanati ndogo chini ya machifu. Aliyekaa humo aliitwa dresa. Kwa jina lake, kazi yake ilikuwa kufunga vidonda. Kwa hali halisi, alisikiliza homa, akagawa kwinini, na akaamua mgonjwa yupi abebwe kwa machela na yupi arudishwe nyumbani. Mamlaka ya kuamua nani apelekwe mbele ndiyo kiini cha udaktari, nayo ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye jina lake lilimtaja kwa bendeji.

Wala si wenye elimu ndogo tu waliovishwa majina ya kuwapunguza. Vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda waliosomea udaktari Makerere na Mulago walihitimu baada ya miaka mingi ya masomo, wakaajiriwa na serikali za kikoloni kwa cheo cha daktari msaidizi wa Kiafrika. Mzungu aliyefanya kazi ileile wadi ileile alikuwa na cheo cha daktari kamili, kwa mshahara mnono zaidi. Diploma ya Makerere ilikuja kutambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza mwaka 1957. Hadi hapo, "msaidizi" lilikuwa neno la rangi na mshahara zaidi ya kuwa neno la ujuzi. Vedast Kyaruzi, daktari wa Makerere, alichaguliwa kuongoza Chama cha Waafrika wa Tanganyika (TAA) mwaka 1950, na serikali haikukawia kumhamishia hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na mji wa Morogoro. Watu wa kundi lake walipodai uhuru walikuwa wanajua kwa miili yao maana ya kuitwa msaidizi wa mtu usiyemsaidia.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12, hesabu ambayo Mwalimu Nyerere aliirudia mara nyingi baadaye. Nchi haikuweza kungoja. Mwaka huohuo Ifakara ilipata kituo cha mafunzo ya watumishi wa vijijini. Mwasisi wake alikuwa Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, ambaye mwaka 1957 alikuwa amekwisha jenga hapo maabara ya utafiti iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Fedha zilitoka kwa kampuni za dawa za mji huo wa Basel. Kituo kilipita mikono na majina kadhaa, kikaingia wizarani, kikafundisha matabibu na baadaye madaktari wasaidizi. Leo kinajulikana kwa herufi TTCIH.

Mwaka 1963 Tanganyika ilianzisha mafunzo ya AMO. Tuutazame mwaka huo vizuri, kwa sababu Marekani ilianza mafunzo yanayofanana na hayo mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Duke, na historia nyingi za taaluma hii huanzia huko. Sisi tulitangulia kwa miaka miwili. Baada ya Azimio la Arusha, na hasa katika miaka ya 1970 vijiji vilipopangwa na zahanati kujengwa kwa wingi, kundi jingine likaongezeka: waganga wasaidizi wa vijijini, wale ambao wazee wa bondeni bado wanawakumbuka kwa herufi RMA. Juu yao walikuwepo wasaidizi wa tiba. Juu ya hao, AMO. Ukiisoma ngazi hiyo kutoka chini kwenda juu unakuta msaidizi, msaidizi, msaidizi, halafu daktari mmoja wa wilaya ambaye muda mwingi yuko kwenye vikao.

Baadaye majina yakafutwa na kuandikwa upya. Msaidizi wa tiba akawa tabibu. Mganga msaidizi wa kijijini akawa tabibu msaidizi. Kenya ilikuwa imelifanya jambo hilo kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1988, na Uganda ikalifanya katika miaka ya 1990. Jina jipya la Tanzania lilichaguliwa kwa bahati njema. Tabibu ni neno la zamani la pwani, lina heshima yake, nalo halimtegemezi mtu kwa mwingine. Daktari msaidizi, aliyekuwa juu ya tabibu kwa elimu na kwa mshahara, hakubadilishiwa. Ikawa kwamba tabibu anayetibu kichomi ana jina linalosimama kwa miguu yake, na bosi wake anayefungua tumbo bado anaitwa msaidizi.

Kule wanakogombania

Wamarekani waliwaita wahitimu wa Duke wasaidizi wa daktari, na kwa mwanzo ule jina lilifaa. Wale wanne wa kwanza walikuwa wahudumu wa tiba kutoka jeshi la majini, na mpango ulikuwa wafanye kazi ubavuni mwa daktari. Miaka ikapita, kazi ikakua, wengi wakawa wanaona wagonjwa wao wenyewe. Mwaka 2021 chama chao cha kitaifa kikapiga kura ya kuacha neno msaidizi na kujiita washirika wa daktari. Chama cha madaktari kikapinga, kikisema mgonjwa atachanganyikiwa. Jina la kisheria hubadilishwa na kila jimbo, na Oregon ikawa ya kwanza kulikubali mwaka 2024.

Uingereza ilikuwa imetangulia kwenda upande huo. Ilikuwa na wasaidizi, ikawageuza kuwa washirika, ikawaongeza kwa wingi katika hospitali zake, na Desemba 2024 ikawaweka chini ya baraza linalosimamia madaktari. Wakati huo kelele zilikuwa zimekwisha panda. Familia za wagonjwa zilisema ndugu zao walitibiwa na mtu waliyedhani ni daktari. Serikali ikamwagiza Profesa Gillian Leng achunguze, na ripoti yake ya Julai 2025 ikapendekeza warudi kuitwa wasaidizi.

Kwa hiyo nchi mbili tajiri, zenye taaluma moja na lugha moja, zinapishana njiani. Moja inaacha neno msaidizi, nyingine inalirudia, na kila moja inasema inamlinda mgonjwa. Hilo linawezekana kwa sababu kila upande unamtazama mgonjwa tofauti. Mmarekani wa mji mdogo, ambaye mtaalamu huyu ndiye pekee aliye karibu, anadanganywa na neno msaidizi: linamfanya adhani kuna mkubwa nyuma ya pazia. Mwingereza wa hospitali kubwa, ambako madaktari wapo ghorofa nzima, anadanganywa na neno mshirika: linamfanya adhani ameshamwona daktari. Kosa si la neno. Jina lilelile linakuwa kweli mahali fulani na uongo mahali pengine, kutegemea ni nani mwingine yupo jengoni.

Kipimo hicho ndicho ninachokitaka kwa Kilombero. Tuulize kwanza ni nani mwingine yupo jengoni. Katika hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Fransisko, ambako wanafunzi wa udaktari wa chuo kikuu kishiriki kilichoanzishwa mwaka 2010 wanazunguka wadini na maprofesa wao, msaidizi anaweza kuwa msaidizi kweli. Katika zahanati ya kijiji kilicho ng'ambo ya mto, mtumishi wa tiba ni mmoja. Ukimwita msaidizi unamwambia mgonjwa kwamba yupo mtu ambaye hayupo.

Kazi yenyewe inasemaje

Mpinzani wa mabadiliko atauliza: je, watu hawa wanaiweza kazi hiyo? Swali ni halali na lina majibu yaliyopimwa.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa hospitali za wilaya za Mwanza na Kigoma. Miongoni mwa waandishi wake alikuwemo Godfrey Mbaruku, daktari Mtanzania aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Taasisi ya Afya Ifakara. Walipitia mafaili ya uzazi wenye matatizo 1,134 na upasuaji mkubwa wa uzazi 1,072, wakalinganisha kazi ya AMO na ya madaktari wa shahada. Matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa kiwango cha maana, wala ubora wa huduma. Wengi wa akina mama hao walipasuliwa na AMO.

Kwa upande wa watoto, jarida la Lancet lilichapisha mwaka 2008 ulinganisho kutoka Bangladesh, Brazil, Uganda na Tanzania. Ulihusu watumishi waliofundishwa mpango wa IMCI wa kutibu magonjwa ya utotoni kwa uwiano. Waliosoma miaka michache walimchunguza na kumtibu mtoto sawa na waliosoma miaka mingi, na mahali pengine vizuri zaidi. Tathmini ya mpango huo nchini kwetu ilitumia Kilombero na Ulanga kama wilaya za kulinganishia, kwa hiyo bonde hili lina mchango wake hata katika hoja hiyo.

TTCIH ilikwenda hatua ya mbele. Mwishoni mwa miaka ya 2000 iliwachukua AMO kwa miezi 3 ya mafunzo ya dharura za uzazi, na wauguzi na matabibu kwa miezi 3 ya kutoa dawa ya usingizi, kisha ikawarudisha vituoni kama timu. Vituo kama Mlimba, na Mtimbira ambayo sasa iko wilaya ya Malinyi, vikaanza upasuaji wa uzazi ambao zamani ulimaanisha safari ndefu, na kwa watu wa Mtimbira kuvuka mto kwa kivuko. Daraja la Magufuli juu ya Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo, mama wa upande wa Ulanga na Malinyi aliyepewa rufaa usiku alikuwa na mto mbele yake.

Lakini tusizisome tafiti hizi kwa pupa. Zinasema kwamba mtu aliyefundishwa kazi fulani kwa umakini anaweza kuifanya sawa na mwenye shahada. Hazisemi kwamba wawili hao wanajua sawa. Daktari wa shahada amesoma miaka mitano na kufanya mwaka wa mazoezi ili amtambue mgonjwa asiyefuata kitabu: mjamzito ambaye degedege lake si kifafa cha mimba, mtoto ambaye homa yake si malaria wala kichomi. Tabibu aliyesoma miaka mitatu amefundishwa yale yanayokuja kila siku, na katika bonde la mpunga, mbu na mafuriko, yanayokuja kila siku ni mengi na yanaua. Jina linapaswa kuheshimu ujuzi huo, na lionyeshe pia mahali unapoishia. Ndiyo sababu siungi mkono wale wanaotaka matabibu wote waitwe madaktari kwa kuwa tayari wanafanya kazi zao.

Faida ya jina dogo, na nani anayeila

Kuna hoja moja ya kubakiza vyeo vidogo ambayo husemwa kwa sauti ya chini, nayo ina nguvu kuliko zote zinazosemwa hadharani.

Msumbiji ilianza mwaka 1984 kuwafundisha watumishi wa kati kufanya upasuaji. Watafiti waliwafuatilia madaktari 59 waliopangiwa hospitali za wilaya katika miaka ya 1987, 1988 na 1996. Baada ya miaka 7 hakuna hata mmoja aliyekuwa bado yuko wilayani. Kati ya wale mafundi wa upasuaji 34 waliofuatiliwa, asilimia 88 walikuwa bado wapo. Sababu ziko nyingi: wametoka vijijini, wana familia huko, wamezoea. Mojawapo, hata hivyo, ni kwamba cheo chao hakiuziki kwingine. Daktari wa shahada anaweza kuomba kazi Gaborone, London au hospitali binafsi ya Dar es Salaam. Fundi wa upasuaji wa Msumbiji, kama AMO wa Tanzania, akivuka mpaka anageuka mtu asiye na jina.

Mipango ya afya ya nchi maskini imefaidika sana na jambo hilo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta matabibu wasio madaktari katika nchi 25 kati ya 47 za Afrika kusini mwa Sahara, na katika nchi 9 idadi yao ililingana na ya madaktari au kuizidi. Wanafundishwa kwa gharama ndogo, wanakubali kwenda kijijini na wanabaki huko. Waziri yeyote wa fedha angewapenda. Ukiwapa jina linalotambulika duniani, unaweza kuwa umewapa na tiketi ya ndege.

Naikubali hesabu hiyo kuwa ni ya kweli na bado naikataa kuwa sababu. Mtumishi anayebaki Malinyi kwa sababu cheti chake hakisomeki kwingine hajachagua kubaki. Nchi inayotaka abaki ina njia za haki: nyumba karibu na kituo, posho ya mazingira magumu inayolipwa kwa wakati, mwenzake wa pili wa kupokezana zamu za usiku, na nafasi ya kusoma iliyo wazi kwa aliyetumika miaka mingi pembezoni. Njia hizo zinagharimu, na jina dogo halikugharimu kitu. Ni rahisi kuelewa kwa nini lilidumu.

"Dokta, mwanangu"

Na mgonjwa? Tuseme mama ameshuka kutoka kwenye dungu lake la shamba la mpunga upande wa Mngeta, mtoto mgongoni, homa siku ya pili. Akifika zahanati atasema, "Shikamoo dokta, mwanangu ana homa." Atamsalimia hivyo tabibu, tabibu msaidizi, muuguzi, na mhudumu wa kike aliyevaa kanzu ya kazi na kushika kopo la spiriti. Atamwita hivyo hata muuza duka la dawa. Hivyo wapo wanaosema mjadala wa vyeo haumhusu mwananchi, maana kwake wote ni dokta.

Sikubaliani. Mama huyo hupanga tiba kwa makini sana. Watafiti waliofanya kazi Ifakara wameandika kwa miongo mingi jinsi watu wa bondeni wanavyotenganisha homa ya malaria na degedege, na jinsi wanavyoamua lipi lipelekwe hospitali na lipi lianzie kwa mganga wa kienyeji. Anayepanga hivyo anataka kujua mambo mawili juu ya mtu aliye mbele yake: anaweza nini, na akishindwa atanipeleka kwa nani. "Dokta" ni adabu ya kufungulia mazungumzo tu, na halimjibu hata moja kati ya hayo mawili.

Tunao mfano wa karibu wa jina lililobadilishwa vizuri. Zamani bonde lilikuwa na maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza vidonge visivyohitaji cheti, na ambayo chini ya kaunta yaliuza pia visivyoruhusiwa. Kuanzia Ruvuma mwaka 2003, kisha Morogoro na mikoa mingine, Serikali ilianza kuyageuza kuwa maduka ya dawa muhimu. Haikuishia kwenye kibao. Muuzaji alipelekwa mafunzoni, duka likakaguliwa, orodha ya dawa za cheti anazoruhusiwa ikaandikwa, kibali kikatundikwa ukutani. Kasoro bado zipo. Hata hivyo, mteja akiona maneno hayo mlangoni anapata taarifa ambayo jina la zamani halikuwa nayo, na mkaguzi akiingia ana orodha ya kumbana nayo mwenye duka.

Kwa tabibu hatujafanya hivyo kikamilifu. Sheria ya mwaka 2017 ya taaluma za tiba iliwaweka madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi chini ya mfumo mmoja wa usajili, na hiyo ni hatua. Lakini muulize mgonjwa ni kitu gani tabibu wa zahanati yake haruhusiwi kumfanyia. Hatajua. Mara nyingine mjumbe wa kamati ya afya ya kijiji naye hatajua.

Cheo kilichofutwa

Sasa tufike mahali ambapo hadithi ya AMO iliishia, kwa sababu pale ndipo mjadala wote wa majina unapopimwa.

Wakosoaji wa cheo hicho walikuwa na haki katika jambo moja: hakikuwa wazi. Alikuwa zaidi ya tabibu na pungufu ya daktari, mwenye kisu mkononi na neno msaidizi kifuani. Dawa ilikuwa kumpa jina linalosema ukweli, kuandika mipaka yake na kumfungulia njia ya mbele. Afrika Kusini, ilipoanzisha kundi lake la aina hii mwaka 2008, iliwapa shahada na jina lao wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2012 kuhusu kugawana kazi za uzazi, lilimtofautisha tabibu wa kawaida na yule wa ngazi ya juu anayeweza kupasua, na kila mmoja likampa orodha yake ya kazi. Tanzania, iliyotangulia wote, kuelekea mwisho wa miaka ya 2010 ilisitisha mafunzo ya AMO. Hoja ilikuwa kwamba vyuo vikuu sasa vinatoa madaktari wa kutosha kujaza nafasi hizo.

Madaktari kweli wameongezeka, na Ifakara yenyewe inawatoa kila mwaka. Lakini uamuzi huo ulikuja wakati Serikali inakarabati vituo vya afya kwa mamia na kuviwekea vyumba vya upasuaji, yaani wakati mahitaji ya mtu wa aina ya AMO yanapanda. Daktari kijana anayepelekwa kituo cha mbali mara nyingi ana mwaka mmoja wa mazoezi, hajawahi kupasua bila mkubwa wake pembeni, na macho yake yako kwenye masomo ya ubingwa. Simlaumu. Ngazi yake inaelekea mjini.

Aliyepoteza zaidi ni tabibu. Zamani kijana aliyesoma miaka mitatu Ifakara, akatumika Mang'ula au Lupiro, alijua kwamba akivumilia kuna miaka miwili ya masomo itakayomfikisha chumba cha upasuaji. Leo akitaka kupanda inambidi aombe chuo kikuu, aanze mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita jana, alipe ada ya miaka mitano huku ana watoto shuleni. Miaka yake kumi ya kuzalisha, kushona na kutibu haihesabiwi hata muhula mmoja. Jina lake ni zuri kuliko la AMO. Haliendi popote.

Ndiyo maana nasema mjadala wa majina ukibaki peke yake hautoshi, ingawa ni wa lazima. Kama ningepewa nafasi ya kusema mbele ya wanaotunga miundo ya utumishi, ningesema hivi. Neno msaidizi lifutwe katika kila cheo ambacho mwenye nacho hufanya kazi bila mkubwa kuwa katika jengo hilohilo, na tuanze na tabibu msaidizi wa zahanati. Tabibu abaki tabibu, na yule mwenye ujuzi wa upasuaji wa uzazi arudishwe kwa mafunzo mapya na jina linalotaja ujuzi huo, tabibu mpasuaji kwa mfano, badala ya kumtaja daktari asiyekuwepo. Orodha ya anachoruhusiwa na asichoruhusiwa ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, pale penye benchi la wagonjwa, na namba ya simu ya daktari wa kumpigia akikwama. Miaka yake ya kazi ipewe uzito chuo kikuu. AMO waliobaki kazini, ambao kila mwaka wanastaafu na hawana warithi, wapewe wanafunzi kabla hawajaondoka, maana ujuzi walionao wa kupasua kwa taa ya betri haumo katika mtaala wowote wa shahada.

Kati ya hayo yote, kubadili jina ndilo jepesi, na kikao kimoja cha Dodoma kinaweza kulimaliza. Kwa sababu hiyohiyo lisiwe la kwanza kufanywa. Ikianza orodha ya mamlaka na ngazi ya masomo, jina litafuata lenyewe na litakuwa la kweli. Likianza jina, Kilombero itakuwa imepata kibao kingine kipya, kama ilivyopata mara kadhaa tangu siku za dresa, na mama wa Mlimba bado atauliza kama leo yupo mtu wa kumpasua.